Nilivyofuata Difu Bagamoyo

Kilichonitoa Dar es Salaam ni maneno ya tajiri wangu wa gereji ya Kariakoo: nisiporudi na difu, nisirudi kabisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwalimu mmoja alituletea gari lake la mbio la zamani, la watu wawili, lililokuwa likinguruma kila likikata kona. Nililipandisha juu ya jeki nikazungusha gurudumu moja la nyuma. La pili likafuata upande uleule. Difu ndilo linaloyagawia magurudumu ya nyuma nguvu ya injini, na madifu niliyoyajua mimi, ukizungusha gurudumu moja kwenda mbele, la pili hurudi nyuma. Basi nikamtangazia mwalimu, mafundi wote wakisikia, kwamba difu limekamatana, limekufa. Spea yake haikuwepo mjini. Tukasikia kuna gari kama hilo Bagamoyo, mtaa wa Dunda, mwenyewe amefariki.

Saa mbili asubuhi nilipanda basi. Kufika Mapinga tukanasa mchangani. Gurudumu moja la nyuma likawa linazunguka na kuturushia mchanga, la pili limetulia kama halihusiki. Tulipokuwa tukisukuma, utingo aliona mikono yangu ya gereji.

"Fundi, mbona hili jingine halisaidii?"

Nikamjibu kwa kujiamini kuwa hiyo ndiyo afya ya difu.

"Afya gani hii, kaka?"

Swali lile lilinikera njia nzima.

Adhuhuri nilifika Dunda. Mzee Shomari, kaka wa mjane, alinipokea barazani. Tukasalimiana, akaniambia dada yake, Bi Zuhura, amekaa eda, hivyo nitasema naye nje ya pazia.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Hilo difu likitoka, gari litatembea tena?"

"Litawaka, mama, lakini halitatembea."

Akasema, "Basi lichukue. Iwe sadaka ya marehemu."

Uani nikajilaza chini ya gari. Kwa haraka ya kuwahi basi la alasiri, nilikwisha kufungua nati mbili kati ya nne za propela, chuma kinachopeleka nguvu kwenye difu, ndipo nikakumbuka kulipima. Nikapiga jeki, nikazungusha gurudumu. La pili likafuata upande uleule. Nikajaribu la upande wa pili, mambo yaleyale. Kichwa kikanivurugika. Madifu mawili, ugonjwa mmoja?

Nikarudi kwenye pazia. "Mama, na hili nalo limekufa. Magurudumu yanazunguka pamoja."

"Ndivyo lilivyo, baba," akasema taratibu. "Yanakwenda pamoja ili likiingia mchangani lisikwame. Marehemu akinionyesha kila siku. Lilinguruma mara moja tu, fundi mmoja alipolitia oili ya kawaida. Lina oili yake mwenyewe, kopo liko chini ya ngazi. Hukulijua hilo?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Nilimkumbuka utingo wa Mapinga. Nikazikaza zile nati mbili, nikaziangalia mara tatu. Bi Zuhura akasema basi sadaka na iwe oili.

Jioni nilirudi Dar. Kesho yake, kabla wenzangu hawajafika gereji, nilimwaga oili ya zamani nikatia ile ya kopo, na gari la mwalimu likakata kona zote za Kariakoo kimya.

"Difu la Bagamoyo limekaa vizuri," mwalimu akasema, na tajiri akatabasamu.

Ningeweza kuitikia tu. Mafundi walikuwa wakisikiliza, walewale.

"Difu ni lako lilelile, mwalimu," nikamwambia. "Mimi ndiye sikulijua. Na nilibakiza nati mbili tu nimuulie mjane wa watu gari la mumewe."