Hema la Kukodi la Wagumu

Elisante hakupoteza vidole viwili vya mguu wake kileleni, wala hakupotea njia. Alivipoteza akiwa amelala, ndani ya hema la kukodi ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelipitisha. Lilikuwa hema la wapagazi, ambao mlimani tunawaita wagumu. Zipu ya mlango wake iliachia kambini Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, ikakataa kufunga, upepo ukaingiza theluji, na yeye ndiye aliyekuwa upande wa mlango.

Kazi hii niliiingia kwa njia ya cherehani. Mimi ni mtoto wa Moshi mjini, baba yangu alikuwa fundi nguo, na kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani ilikuwa inatafuta mtu wa kushona mahema. Siku ya kwanza Mkuu wa Stoo, mzee wa Old Moshi asiyependa maneno mengi, hakunipa sindano. Alinisimamishia hema uani, akaniambia niingie nifunge mlango, kisha akamwaga ndoo tatu za maji juu yake. Nilitoka nimelowa bega.

"Umejua linapovuja?"

Nikasema ni kwenye mshono wa kona.

"Basi shona hapo. Hema halikaguliwi kwa macho, mama. Linakaguliwa kwa kukaa ndani."

Nilifanya naye kazi hadi alipostaafu. Hema likishuka mlimani lilioshwa, likaanikwa kivulini kwa sababu jua kali hula kitambaa, kisha tukapitia maungio yote, ambayo kwa ndani hubandikwa utepe wa kuzuia maji. Mimi nilibobea kwenye zipu. Watu hulaumu meno ya zipu, lakini mara nyingi kinachokufa ni kichwa chake, kile kidude kinachovutwa. Vumbi la mlimani hukila kwa ndani, kikapanuka, kikawa kinapita juu ya meno bila kuyabana. Dawa yake ni kubadilisha kichwa. Wengine hukifinya kwa koleo. Kikifinywa kitafunga vizuri mara chache, kisha kitalegea, na hulegea juu kwenye baridi, mtu anapovuta kwa nguvu na vidole vimekufa ganzi.

Nilipokuwa Mkuu wa Stoo mimi, kampuni ilipata Mkurugenzi mpya, kijana wa mwenye kampuni. Alileta wageni wengi, hilo sitamnyima. Msimu mmoja mahema yakapungua. Meneja Operesheni alimshauri akodi kwa mtu wa mjini anayetunza vifaa vyake, au anunue. Mkurugenzi akawa amempata mtu karibu na soko la Kwa Sadala ambaye bei yake ilikuwa nusu.

"Wageni tuwape mahema yetu," alisema. "Hawa wengine si ndio wagumu, Bi Stoo? Watajibana."

Tulicheka. Nakumbuka kwamba na mimi nilicheka.

Mahema yalifika Alhamisi, kundi linaondoka Jumamosi. Yalikuwa kumi na moja, na kwa sita kati yake vichwa vya zipu vilikuwa vimekwisha. Nilimpelekea taarifa Mkurugenzi ofisini. Hakuinua macho kwenye simu yake.

"Wewe si fundi? Fanya ufundi."

Vichwa vya saizi ile sikuvipata mjini. Nilichukua koleo nikavifinya vyote sita, nikavijaribu uani kwenye joto la Moshi, vikateleza kama vimepakwa mafuta. Kwenye daftari la stoo nikaandika "sawa".

Elisante aliteremshwa kwa machela. Kampuni ilisimamia matibabu yake, na Mkurugenzi akadhani jambo limekwisha. Lakini wagumu wetu wazuri karibu wote walikuwa watu wa Mwika, walioletwa na kiongozi wetu mkuu wa safari, mjomba wake Elisante. Hawakugoma wala kupiga kelele. Waliacha kupokea simu. Tukaokota wapagazi wapya kwenye geti la hifadhi. Mmoja aliacha mzigo wa chakula njiani akarudi nyumbani, na kundi lile likashuka kabla ya kufika kileleni. Mawakala waliokuwa wakituletea wageni wakaanza kuwapeleka kwingine. Mahema mapya ya kutosha wagumu wote yasingetugharimu robo ya hasara ile. Kilichobaki kuamuliwa ni kama Mwika itarudi, maana tuliona bila Mwika kampuni isingefika msimu uliofuata.

Kwa Wachagga iko njia ya kuomba msamaha. Aliyekosa huchukua sale, ule mmea wa majani marefu, akalipeleka kwa aliyemkosea. Ni vigumu sana mtu kukataa sale. Mkurugenzi alijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini hakwenda. Alimtuma mzee mmoja anayejulikana kwa kupatanisha watu, pamoja na Meneja Operesheni na mimi.

Tulimkuta mama yake Elisante kihambani, yaani shambani pale nyumbani kwake Mwika, chini ya migomba, akiwakatia ng'ombe mgomba. Alimwamkia mzee shikamoo, akatuletea viti nje. Elisante alikaa kizingitini, mguu umenyooshwa. Mzee alizungumza vizuri, akaweka sale mbele. Mama akauliza Mkurugenzi yuko wapi. Mzee akasema ana mikutano.

"Kwa hiyo hata wa kuomba msamaha amemkodi," mama alisema.

Elisante alicheka peke yake. Meneja akatazama viatu vyake. Mimi sikuwa nimepangiwa neno lolote, lakini nilisema.

"Mama Elisante, zile zipu nilizifinya mimi. Kwa koleo."

"Ulijua zitafunguka?"

"Nilijua hazitadumu."

"Ukamwambia nani?"

"Mkurugenzi. Mara moja tu."

"Mara moja," alirudia. Akaliokota lile sale, lilikuwa bado na kishina chake, akanipa mkononi. "Haya. Lete wewe."

Nililitoa kwa mikono miwili. Alilipokea, akatembea nalo hadi kihamba kinapokutana na njia, akachimba kwa panga, akalipanda. Kisha akarudi kwenye mgomba wake. Tukaaga.

Tukiwa njiani, mzee alisema tumesamehewa, maana sale likishapokelewa halirudi. Meneja, ambaye ni wa Mwika, alitikisa kichwa. Alisema sale ndilo linalopandwa pia kuonyesha mpaka, hapa kwangu na kule kwako, na mama hakulipanda katikati ya kihamba. Walibishana hadi mjini. Mimi si Mchagga, nilisikiliza tu.

Kampuni ilinusurika ikiwa nusu ya ilivyokuwa, kwa wapagazi wa kwingine. Mkurugenzi alinunua mahema mazuri ya wagumu, nami nilistaafu nikiwa nimeyakagua yote kwa kukaa ndani. Ninyi mlioshika stoo sasa mtasikia kwamba vifaa vya bei rahisi huokoa kampuni. Andikeni "sawa" kwa kilicho sawa tu, na jambo la kusema msiliseme mara moja tu mkanyamaza.

Elisante hunipigia simu, ananiamkia, tunaongea habari za kuku wake. Nimewahi kumuuliza siku ile mama yake alipanda nini, msamaha au mpaka. Alinijibu nikamuulize mwenyewe. Mama huyo hukutana nami sokoni Mwika, tunasalimiana vizuri, na sijauliza. Hadi leo hakuna mtu wa ukoo ule aliyebeba mzigo wa kampuni, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hatabeba.