Ufunguo wa Bomba

Nilipokuwa nikifundisha historia na serikali katika shule moja karibu na Matiliku, swali moja lilinisumbua kuliko wanafunzi wangu: mtu akishapewa mamlaka, nani atamzuia asiyafanye mali yake? Kitabu kilikuwa na jibu la kurasa nne, na hata mimi sikulielewa.

Nyumbani, kikundi cha mama yangu kilikuwa na bomba la maji lenye kufuli. Ufunguo ulikaa na mama mmoja wa ng'ambo ya mto mkavu, mbali kuliko wote, na kila asubuhi tulisimama na mitungi tukimngoja. Iliniudhi. Nikamuuliza mama kwa nini wasimpe mtu wa karibu.

"Wa karibu atachota peke yake, halafu atuambie maji yameisha," alisema. "Huyu akifika anatukuta sote tumesimama hapo."

Kesho yake niliyaandika maneno hayo ubaoni, nikafunga kitabu.

Miaka ikapita, nikajenga nyumba hatua chache kutoka bombani. Kwenye mkutano wa kikundi, mtu akapendekeza ufunguo apewe mwalimu. Wa kwanza kuinua mkono kupinga alikuwa mama.