Shikamoo ya Foibe

Juzi nilipita sokoni Mbinga, harufu ya usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ikanikamata puani, nikasimama katikati ya watu kama niliyesahau kitu. Hapo hapo nikarudi Liuli, uani kwa bibi mzaa baba, nikiwa darasa la nne na wivu umenijaa hadi kooni.

Wivu wenyewe ulikuwa wa kumwonea mdogo wangu, Foibe. Alikuwa na miaka minne, kamasi hazijamkauka, lakini kwa kuwa alirithi jina la mama yake bibi, kila asubuhi bibi alimwamkia, "Shikamoo, mama!" Naye, kidevu juu, "Marahaba!" Kichwa cha samaki kilikuwa chake, kigoda chake. Wajukuu wengine nao waliitwa kwa majina yao, na bibi alijua kila mmoja kamrithi nani. Mimi, Yunisi, nilikuwa "mwanangu" basi. Jina langu hakulitaja hata siku moja. Jamani, niliumia!

Ndipo mwalimu akatuagiza tuandike majina ya ukoo wetu. Wenzangu walinung'unika, mimi nilifurahi. Nitamtafuta huyo Yunisi wa zamani, nilijiambia, awe mkubwa kumzidi huyo mama wa bibi, ili na mimi niamkiwe.

Nilianza na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akigeuza usipa juu ya chanja. Alitaja, nikaandika, mpaka wazazi wa babu na wazazi wao. Yunisi hayumo. Nilipong'ang'ania, akanikatiza: "Wivu ni kidonda, wewe, ukishiriki utakonda. Andika hao hao."

Sikusikia. Nikamfuata bibi mwenyewe, daftari mkononi, mbele ya watu.

"Bibi, Yunisi alikuwa nani?"

Bibi alikuwa ameshika beseni la usipa mbichi. Akaliweka chini, akaingia ndani. Kunguru wakashuka wakala walivyotaka, na hakuna aliyewafukuza. Nikajua sasa: hanipendi. Nikalifuta jina la Foibe kwa kidole na mate mpaka karatasi ikatoboka. Kesho yake mwalimu akauliza hilo tundu ni ndugu yangu wa upande gani.

Nimekuja kujua bibi akiwa keshazikwa. Shangazi alinifungulia kitambaa chenye cheti cha ubatizo kilichochakaa. Yunisi, kitinda mimba wa bibi. Alizama ziwani akiwa na umri wangu ule ule wa darasa la nne.

"Baba yako ndiye aliyekupa jina la dada yake," shangazi alisema. "Bibi alikubali, ila kulitamka kulimshinda."

Nilipomsimulia Foibe alicheka, kisha akaomba akione kile cheti. Miaka yote ile nilimwonea wivu yeye kwa shikamoo yake, na kila asubuhi bibi alikuwa akigeuka kunitazama mimi, akiniita mwanangu.