Malengelenge ya Wifi

Wifi yangu alinidanganya kuhusu raba, na sijamsamehe. Nasema mapema ili msomaji asikae akisubiri mahali nitakapolainika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Nilitoka Wampembe, kule ziwani, nikaletwa Mazwi, hapo mjini, nyumbani kwa wakwe. Dada wa mume wangu, ambaye tulikuwa rika moja, alikuwa bado hajaolewa. Shuleni alikuwa mkimbiaji na hakuacha mtu asahau. Mimi aliniita "wifi wa dagaa," hasa wageni wakiwepo.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye malori, alifungua duka jipya, na ili watu walijue akatangaza mashindano ya wanawake. Mnavuka bwawa la kunyweshea ng'ombe upande wa Pito, mnapanda baiskeli mpaka mjini, kisha mnakimbia mitaa ya Mazwi hadi mlangoni pa duka. Mshindi anapewa baiskeli mpya. Watu walicheka, halafu wakaanza kuwaandikisha dada zao.

Maji hayakunitisha. Baiskeli nilijifunzia ya mume wangu. Kilichonitia wasiwasi ni miguu. Raba zangu zilikuwa za mitumba, ngumu kisiginoni, na ukitoka majini huwezi kuhangaika na soksi. Haipandi kwenye mguu uliolowa, wenzako wanakuacha. Nikamwendea mwenye uzoefu.

"Wifi, nikikimbia bila soksi si nitatoka malengelenge?"

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata macho. "Ah, hilo dogo. Loweka raba usiku kucha zilainike. Asubuhi paka sabuni ya mche kwa ndani, mguu uteleze."

Nikaloweka. Nikapaka.

Siku yenyewe nilitoka bwawani wa kwanza, maana wenzangu wengi walikuwa wanatembea na maji ya kifua huku wameshikana mikono. Kwenye baiskeli bado niliongoza. Niliposhuka na kuanza kukimbia ndipo sabuni ikaanza kutoa povu. Mguu uliteleza kweli, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila ukirudi kisigino kinasuguliwa kama kwa msasa. Ngozi ilikuwa laini kwa maji, ikavimba, ikapasuka. Mchanga ukaingia. Wifi alinipita karibu na soko. Nilitazama raba zake. Zilikuwa kavu, na kwenye vifundo vyake kulikuwa na poda nyeupe.

"Jikaze, wifi!" akaniambia.

Nilifika wa mwisho, raba mkononi. Jioni, nikiwa nyuma ya jiko nakanda miguu, nilimsikia akimsimulia mama mkwe. "Nilimwambia aloweke, mama. Na kweli akaloweka!" Walicheka wote wawili mpaka mama akakohoa. Siku zilizofuata sikuweza kwenda shamba, nikaitwa mvivu na hao hao.

Nilianza kujifunza miguu yangu.

Kila nilipotumwa Pito kununua maziwa kwa Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe wao, nilivaa raba bila soksi na kurudi mbio. Nilijaribu samli kisiginoni na katikati ya vidole. Ilisaidia, ila ukiipaka ovyo inakamata vumbi. Nikajua kuipaka kidogo, palepale panaposuguka, na poda nikaimwaga ndani ya raba, siyo mguuni. Nilikata kwa wembe mshono uliokuwa unanichoma, nikagonga kisigino cha raba kwa jiwe la kusagia mpaka kikalegea. Kamba nilizitoa, nikaweka vipande vya tyubu ya baiskeli, mguu uingie kwa mara moja. Nilijifunza kuacha kitambaa kikavu juu ya raba, nipanguse vidole kabla ya kuvaa. Upepo wa kiangazi wa Ufipa ulinikausha midomo, lakini miguu ikawa kama ya punda.

Mwaka uliofuata mashindano yakatangazwa tena. Wifi akaja na raba mpya kutoka dukani, nyeupe, zinanuka gundi. Akaziweka mezani tuzione.

"Zimekupendeza, wifi," nikasema. "Usizivae kabla ya siku yenyewe. Utazichafua."

"Kweli eeh?"

"Watu watazitazama wewe unavyopita. Zibaki hivyo hivyo."

Akazifunga kwenye karatasi yake na kuziweka juu ya kabati. Kila nilipofagia chumba kile nilizitazama, nikafurahi.

Bwawani nilitoka wa kwanza tena. Nikapangusa, nikavaa, nikaondoka. Yeye alikuwa na nguvu, simnyimi haki yake. Tulipoingia Mazwi alikuwa mbele yangu kidogo. Halafu nikaona anaanza kukanyaga kwa ukingo wa mguu. Nilipomfikia alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya mashine ya kusaga, raba moja ameivua, na weupe wake umelowa damu nyuma.

"Wifi, umepaka nini? Una mafuta?"

Kikopo cha samli kilikuwa kwenye pindo la kanga niliyojifunga kiunoni. Nilisimama. Niliweza kuendelea, lakini nilisimama ili nimtazame vizuri, na anione ninavyomtazama.

"Ungeziloweka," nikamwambia.

Alielewa. Uso wake ulibadilika. Nikakimbia. Sikusikia maumivu hata mguu mmoja.

Mama mkwe hakunipongeza. Aliponiona naingia na baiskeli mpya ya ushindi alisema tu, "Mchemshie mwenzako maji ya chumvi." Nikachemsha. Chumvi sikuibania. Wifi aliingiza miguu kwenye beseni, akauma kanga yake, wala hakulia, na hilo peke yake ndilo lililoniudhi siku ile.

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, anatutazama. Yeye ndiye aliyekuwa ameniona mwaka mzima nikigonga raba kwa jiwe bila kuuliza kitu. Wifi alipoondoka kwenda kulala, akaniambia polepole, "Yule ni dada yangu."

"Najua."

"Sasa umeridhika?"

Nilimwaga maji ya beseni uani, nikarudi nikakaa kando yake.

"Bado kidogo," nikasema.