Tumbawe la Matawi

Mume wangu alipopigwa na kiharusi aliomba kitu kimoja tu: aone tena tumbawe la matawi, kama yale ya kwao Tanga, kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, bila kupunguza makali, akiwa kitandani sebuleni kwetu Chapwa, huku mpakani, ambako bahari ni habari ya watu wengine. Miaka yote alikuwa dereva wa malori yanayovuka kwenda Zambia. Sasa mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu umelala, ulimi mzito. Macho ndiyo yaliyobaki mazima, nikaona basi, yapewe kazi.

Tangi la kioo la kufugia samaki tulikuwa nalo, dogo, alilinunua zamani kwa mwenye gesti aliyekuwa akifunga biashara. Shida ilikuwa taa. Ilikuwa moja, nyembamba, na betri ya sola inayotuvusha umeme ukikatika haikuweza kubeba zaidi ya taa hiyo na pampu.

Nilimpigia simu mama mmoja wa Dar es Salaam anayekuza matumbawe na kuyauza. Akaomba picha ya taa. Nilipomtumia alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, hapo chukua yale laini, yanayofanana na uyoga. Yanaridhika na mwanga kidogo. Ya matawi yanataka mwanga mkali. Kwa taa hiyo utakuwa unayaua taratibu."

Mimi nimezaliwa Hasamba kule Mbozi, kwenye kahawa. Najua kuna mche wa kivulini na mche wa juani, kwa hiyo nilimwelewa upesi. Nikaagiza ya uyoga. Yakaja kwa basi, kwenye mifuko ya nailoni ndani ya ndoo, pamoja na chumvi ya bahari ya kuchanganyia maji, mengi ya kahawia, machache ya kijani. Nikayapanga kwenye mawe ya chini, nikakaa kusubiri sifa.

Mume wangu aliyatazama kwa muda. "Uyoga," akasema. "Si hata kwa mama yako upo?" Akageuzia uso ukutani.

Nilikasirika, nikaenda jikoni kugombana na masufuria. Tangu tuoane alijua kunipandisha hasira, na kiharusi hakikumnyang'anya kipaji hicho. Hasira zilipoisha nikalia, halafu nikaagiza la matawi. Muuzaji hakubishana tena.

Lilikuwa dogo kama kiganja, la zambarau iliyofifia. Nililiweka juu kabisa, karibu na taa. "Hili," mume wangu alisema, na siku hizo alikula vizuri. Kwa maneno yaliyokatikakatika alinisimulia jinsi utotoni, maji yalipokupwa, walivyotembea juu ya miamba na viatu vya matairi, na jinsi bibi yake alivyowafokea wasivunje kitu. Nilifurahi mno. Nikaanza kudhani muuzaji amekosea.

Hakukosea. Weupe ulianzia kwenye shina, ukapanda. Nilisafisha kioo, nikabadilisha maji, nikalisogeza likakaribia kugusa taa. Weupe ukafika nchani. Mume wangu alikuwa akiliangalia kutwa nzima, nami sikuthubutu kumuuliza.

Ndipo mama yangu alipokuja kumjulia hali. Kwetu mama haingii chumba alicholala mkwewe, wala hamtazami usoni. Husalimia toka mlangoni, uso ameupeleka pembeni. Na pembeni ndipo lilipokuwa tangi.

"Eh, baba!" akasema pale pale mlangoni. "Hongera! Kimti chako kimechanua!"

Mvua za kwanza zikinyesha kwetu, mkahawa hujaa maua meupe, na hakuna mtu wa Mbozi anayeyaona asifurahi. Mama alifurahi hivyo. Mume wangu, mtu wa pwani, alijua vizuri anaangalia mfupa. Alinitazama, nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, mama," akajibu, akijitahidi kila neno litoke zima. "Limechanua. Asante."

Mama alipoondoka, mume wangu aliniambia, "Asijue." Hatukulizungumza tena.

Mume wangu alifariki kabla kahawa haijaiva. Waombolezaji walitoa kitanda na viti sebuleni, wakatandika mikeka, na mama akaingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Tangi lilikuwa zito, likaachwa. Yale ya uyoga yalikuwa yameongezeka, yameanza kupanda kwenye shina jeupe, na niliyachukia kwa kuwa hai. Mama alisogea hadi kwenye kioo, akainama, akaangalia kwa jicho la mtu aliyelima maisha yake yote.

"Hili limekufa," akasema.

"Limekufa, mama."

"Tangu lini?"

"Siku ile ulipompongeza lilikuwa limeshakufa."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Na bado akaniambia asante," mama akasema, akavuta kitenge kufunika uso, akaanza kumlilia mkwewe upya.