Saini ya Verlene Stuckey

Kwa miaka thelathini na minne Verlene Stuckey alipaka rangi nyuso za majengo ya Mtaa wa Main, mjini Louisville, Marekani. Ukiyatazama utadhani ni mawe, kumbe nguzo na matao yote ni chuma cha kusubu kilichofungwa kwa bolti. Kwa hiyo kila fundi wa mtaa ule hutembea na sumaku ya kupimia chuma mfukoni.

Mwaka jana mmiliki mpya wa jengo lililokuwa ghala la tumbaku aling'oa nguzo mbili za chini, eti zikatengenezwe. Ziliporudi, Verlene alizipaka rangi bila kuzipima. Alimwamini msimamizi wa kazi, Brent Haldeman.

Asubuhi ya ukaguzi wa jiji, Brent alimletea karatasi ya kuthibitisha kwamba nguzo zote ni za asili. Jiji lilimwamini Verlene. Bila saini yake kazi isingepokelewa.

"Tia saini, mama, twende tukanywe chai."

Verlene aliegemea nguzo. Jua la Julai lilikuwa limezichoma nyingine zote, lakini hii ilikuwa vuguvugu tu. Akatoa sumaku. Ikaanguka chini. Akajaribu nguzo ya pili, ikaanguka tena.

"Brent, nini hiki?"

"Plastiki ngumu. Haishiki kutu. Nani atajua?"

"Nimeshajua mimi."

"Na rangi umepaka wewe. Ukifungua mdomo, utachafuka wa kwanza."

"Nguzo zangu ziko wapi?"

"Zako? Tangu lini umenunua jengo?"

"Tangu ukiwa kwenye nepi! Ziko wapi?"

Mafundi waliokuwa karibu walicheka. Brent alitazama viatu vyake. "Tumeziuza. Chuma chakavu."

Nguzo zilizosimama ndani ya mafuriko ya mwaka 1937 zimeyeyushwa kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu wa kuzikwangua kutu! Naandika kwa hasira, na sioni kwa nini niifiche.

Mkaguzi alipofika, Verlene alimkabidhi karatasi bila saini. "Mbili hizi ni bandia, na mimi ndiye niliyezifunika kwa rangi. Sikupima. Andika hivyohivyo."

Yakaandikwa. Mmiliki alitozwa faini, akailipa siku hiyohiyo, na nguzo zake za plastiki bado zimesimama "kwa muda". Verlene, aliyesema kweli, hajaitwa tena kupaka hata dirisha moja Mtaa wa Main.