Medali Nyuma ya Simu

Wiki hii pekee Mama Winnie, mkulima wa kahawa kutoka Kitura, kaingia dukani kwangu Mbinga mara tatu. Nilimuuzia pawabenki ya sumaku, ile inayonata mgongoni mwa simu na kuchaji bila waya. Akairudisha: haichaji. Nikambadilishia. Ya pili alijichagulia mwenyewe. Alizibandika zote kwenye komeo la mlango wangu, akachukua iliyong'ang'ania zaidi. Na simu hakuja nayo, kaiacha kwa jirani mwenye sola, inachajiwa!

Leo hata shikamoo yangu hakuijibu.

"Hasna, unaniuzia mabovu."

"Mama, nipe hiyo simu."

Afadhali leo kaileta. Nikavua kava. Katikati ya mgongo wa simu kuna medali ya Bikira Maria, chuma kitupu, imebandikwa kwa gundi ya viatu.

"Hii ndiyo inazuia, mama. Itoe, simu itachaji."

Akaninyang'anya simu kama vile nimemtukana.

"Nikikosa chaji naenda kwa jirani. Nikimkosa huyu, niende kwa nani? Kwako?"